Mtoto akifungiwa garini, kioo kivunjwe kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa maoni ya wasomaji nieleze tukio ambalo watu wengi wa Mwanza wameliona nusu tu. Wiki iliyopita video isiyofika dakika moja ilizunguka katika makundi ya WhatsApp ya jiji letu. Inamwonyesha mwanamke anayelia huku akipigapiga kioo cha gari dogo jeupe jirani na soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, na chini yake yameandikwa maneno kwamba mama huyo alimsahau mwanawe garini akaenda kununua dagaa. Mwanamke yule ni binti yangu. Mtoto aliyekuwa ndani ni mjukuu wangu, mwenye umri wa mwaka mmoja na miezi kumi. Na yule mwanamke mzee aliyesimama kando ameshika kichwa kwa mikono miwili, ambaye mchangiaji mmoja alimwita "bibi wa mapambo", ni mimi.

Hakuna aliyemsahau mtoto. Jumamosi ile tulikuwa tumekwisha kununua ndoo moja ya dagaa na sato wawili, tukarudi garini sote watatu. Binti yangu alimkalisha mtoto kiti cha nyuma, na kwa kuwa alikuwa amechoka na ameanza kulialia, akampa funguo za gari azishike atulie, kama wafanyavyo akina mama wengi, maana watoto wa umri ule hupenda sana kitu chenye vitufe. Kisha akaufunga mlango wa nyuma ili aje tusaidiane kuinua ndoo na kuiweka kwenye buti. Kabla hatujaligusa buti tulisikia mlio mmoja mfupi, na taa za pembeni zikawaka na kuzima. Mtoto alikuwa amebonyeza rimoti, na milango yote ilikuwa imejifunga kwa mpigo mmoja, ufunguo ukiwa ndani pamoja naye.

Tulianza kwa jambo ambalo leo naliona la kijinga, nalo ni kumwamuru. Binti yangu alipaza sauti, "Bonyeza tena, baba, bonyeza!" Mimi nami nikaongeza sauti yangu, ile ya kufundishia darasa la kwanza ambayo niliitumia kwa miaka thelathini na miwili. Wapita njia wakaja kusaidia kuamuru. Mtoto alipoona nyuso zaidi ya kumi zimebandikwa kwenye vioo, nyingine zikicheka kumbembeleza na nyingine zikifoka, aliingiwa na hofu, akaziangusha funguo chini ya kiti, na tangu hapo hatukuwa na njia yoyote ya kuzifikia.

Ufunguo wa pili haukuwapo. Gari lile, kama yalivyo mengi ya mtumba tunayoagiza kutoka Japani, lilifika na ufunguo mmoja tu, na mkwe wangu alikuwa akisema kila mwisho wa mwezi kwamba atachongesha wa akiba. Kwa hiyo alipigiwa simu fundi wa funguo. Simu yangu inaonyesha kwamba nilimpigia saa 4:41 asubuhi. Akajibu kwamba yupo njiani, na sina haja ya kuwaeleza wasomaji wako maana ya neno hilo katika nchi hii. Saa 4:49 nilimpigia tena, akawa bado yupo njiani. Kioo kilivunjwa saa 5:03. Dakika hizo 22 ndizo zilizonifanya nishike kalamu, kwa sababu tulikuwa na watu wasiopungua thelathini kulizunguka gari lile, wanaume wenye nguvu zao wakiwemo, na kazi yenyewe, ilipofanywa, ilichukua muda mfupi kuliko wa kumenya chungwa.

Nikiri kwamba mimi mwenyewe sikuwa na hofu kubwa mwanzoni. Nilikuwa na imani ambayo nadhani wakazi wengi wa kando ya ziwa wanayo, kwamba Mwanza si Dar es Salaam. Tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, upepo wa ziwani unatupitia, na asubuhi ile kulikuwa na mawingu mepesi. Niliwaza kwamba mtoto atalia, atachoka, atalala, na fundi atafika. Daktari aliyempima baadaye ndiye aliyeniondoa katika ujinga huo, na mjukuu wangu mkubwa, anayesoma chuo, akanitafutia vipimo vyenyewe. Mwaka 2005 jarida la madaktari wa watoto la Marekani liitwalo Pediatrics lilichapisha matokeo ya majaribio yaliyofanywa kwa gari lililoegeshwa juani katika siku ambazo joto la nje lilikuwa kati ya nyuzi 22 na 36 za Selsiasi. Katika saa moja joto la ndani lilipanda kwa wastani wa nyuzi 22 hivi, na asilimia 80 ya ongezeko hilo ilitokea katika nusu saa ya kwanza. Kuacha vioo wazi kidogo hakukuleta tofauti ya maana. Nifanye hesabu ya darasani: siku ya kawaida ya Mwanza yenye nyuzi 27 inaweza, kwa nusu saa tu, kuifikisha hewa ya ndani ya gari kwenye nyuzi 44. Jua hupenya kwenye kioo na kuchoma viti na dashibodi, navyo huipasha hewa ambayo haina pa kutokea. Upepo wa ziwani unaopuliza nje haumsaidii chochote aliyefungiwa ndani.

Daktari aliniambia pia kwamba mwili wa mtoto mdogo hupata joto kwa kasi ya mara tatu hadi tano kuliko wa mtu mzima, na kwamba joto la mwili likifika nyuzi 40 ubongo na viungo vingine huwa hatarini. Mjukuu wangu alipimwa akakutwa na nyuzi 38.6, baada ya kuwa amekwisha kuvuliwa nguo, kumwagiwa maji na kupepewa kwa kanga kivulini. Sijui angekutwa na ngapi kama tungemsubiri fundi, ambaye alifika saa 5:20, akaukunjua waya wake, akaliona gari halina kioo, na bado akaomba nauli ya usumbufu. Nilimpa.

Sasa nirudi kwenye zile dakika 22. Kilio cha mtoto kilidumu kama dakika kumi na mbili, kisha kikakatika. Watu kadhaa walishusha pumzi na kusema, "Afadhali, amelala." Mama mmoja muuza vitumbua, ambaye alikuwa ameacha sinia lake kwa mtu, alisogea akachungulia kwa kuziba mwanga kwa viganja, kwa kuwa vioo vya nyuma vya gari lile vimebandikwa karatasi ya giza na mtu aliyesimama hatua mbili tu nje haoni kitu. Akasema kwa sauti ya chini, "Huyu halali, mama. Huyu anazidiwa." Nadhani ni yeye aliyemwokoa mtoto, ingawa hayumo kwenye video.

Hapo ndipo neno "kuvunja" lilipotajwa kwa mara ya kwanza, na hapo ndipo nilipojifunza kitu ambacho sikukijua kuhusu mji wangu. Kila mtu alikubali kwamba kioo kivunjwe, ila hakuna aliyekuwa tayari kukivunja. Mmoja alisema gari si lake. Mwingine aliuliza kama mwenye gari ametoa ruhusa, nami nikamwonyesha binti yangu, ambaye kwa wakati huo hakuweza kutamka neno lililonyooka. Mlinzi wa duka la jirani alisema asubiriwe askari. Wapo waliotaja bei ya kioo. Kijana mmoja mbeba mizigo, ambaye tayari alikuwa ameokota jiwe, alinigeukia akaniambia maneno ambayo sijayasahau: "Bibi, nikivunja mimi wataniita mwizi. Utanitetea?" Nilimjibu kwamba nitamtetea. Alipiga, lakini alipiga katikati ya kioo kwa nusu ya nguvu zake, kama mtu anayeomba radhi, na jiwe likaruka likaanguka miguuni pake. Katika mji unaojivunia kuitwa Jiji la Miamba, jiwe halikufua dafu.

Tusimcheke kijana yule. Sisi sote tunajua yanayoweza kumpata kijana mwenye nguo za kazi anayeonekana mchana kweupe akivunja kioo cha gari jeupe, ambaye wa safu ya mbele wanajua sababu na wa safu ya nyuma, waliofika sasa hivi, hawaijui. Anaweza kuwa amekwisha kupigwa kabla hajaulizwa jina. Kwa hiyo alichokikosa si nguvu wala huruma. Alikosa kibali.

Aliyekivunja hatimaye ni dereva wa kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, aliyekuwa akipakia magunia upande wa pili wa barabara. Alikuja na spana ya magurudumu, akauliza swali moja tu, "Mtoto amekaa upande gani?", akazunguka kwenda mlango wa mbele ulio mbali na mtoto, akapiga mara moja kwenye kona ya chini ya kioo, karibu na fremu. Kioo chote kilimwagika kama chumvi ya mawe. Akaingiza mkono, akafungua, akajipinda kati ya viti na kumtoa mtoto. Nimeelezwa na fundi wa vioo, wakati nanunua kingine cha mtumba kwa shilingi 70,000, kwamba vioo vya milango katika magari mengi hupashwa moto na kupozwa ghafla kiwandani, ndiyo maana katikati vina nguvu ya ajabu, lakini vikiguswa kwa kitu kigumu chenye ncha karibu na kona husambaratika vyote kuwa chembe zisizokata sana. Kioo kikubwa cha mbele si cha kujaribu, kwa kuwa kimeundwa kwa tabaka mbili zenye plastiki katikati, nacho hupasuka bila kuachia. Kama kioo kina karatasi ya giza, kitapasuka lakini kitaning'inia kama kitambaa, na ni lazima kisukumwe. Haya ni mambo ya dakika moja kuyajua, na mimi, mwalimu, niliyafahamu nikiwa na umri wa miaka 63.

Husemwa kwamba ajali haina kinga. Kwa ajali ya aina hii sikubaliani na msemo huo, kwa kuwa kinga ilikuwa kwenye kirikuu, hatua ishirini kutoka tulipokuwa, kwa dakika zote 22.

Nimesoma maoni ya wale wanaosema kwamba mama wa namna ile ashitakiwe. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mzazi wajibu wa kumlinda mtoto, nami siipingi hata kidogo. Yupo mzazi anayemwacha mtoto garini kwa makusudi, akaingia benki au ibadani akisema "narudi sasa hivi", na huyo ana la kujibu. Nakumbuka foleni za kivuko cha Kigongo na Busisi, kabla Daraja la JP Magufuli lenye urefu wa kilomita 3 hivi halijazinduliwa mwezi Juni 2025, jinsi watu wazima walivyoshuka kunywa soda na kula samaki wa kukaanga huku watoto wamelala ndani ya magari yaliyofungwa vioo. Nami nimewahi kufanya hivyo, Mungu anisamehe. Lakini mama aliyesimama hatua moja kutoka mlangoni, aliyefunga mlango kwa mkono wake huku mtoto akibonyeza kitufe kwa mkono wake, hawezi kuwekwa kapu moja na huyo. Tena kumwita mzembe kuna madhara ambayo walioandika maoni hawayaoni. Binti yangu ameniambia kwamba, katika zile dakika za kwanza, alichokuwa anakiomba moyoni ni mambo yaishe kabla watu hawajajaa. Aibu ilimzuia kupiga kelele mapema. Hata mimi sikupiga 114, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, ambayo nimewakaririsha watoto wa shule kwa miaka mingi, kwa kuwa kichwani mwangu namba ile ilikuwa ya moto, na hapa hapakuwa na moshi.

Wenzetu Marekani, ambako tangu mwaka 1998 watoto zaidi ya 35 kwa wastani wamekuwa wakifa kila mwaka kwa joto la ndani ya magari, wamelitazama suala hili la kibali. Jimbo la Tennessee lilipitisha mwaka 2014 sheria inayomkinga mtu anayevunja gari kumwokoa mtoto aliye hatarini, na Florida ikawa na ya kwake mwaka 2016. Zaidi ya nusu ya watoto wale walisahauliwa na walezi wao, na karibu robo waliingia wenyewe katika magari ambayo hayakufungwa, wakashindwa kutoka. Hili la mwisho liwaguse wenye magari mabovu yaliyoegeshwa uani na wenye gereji za mitaani, ambako watoto wa jirani hucheza kibe.

Siombi tusubiri Bunge. Ninaloliomba linaweza kutamkwa wiki hii na Kamanda wa Polisi wa Mkoa wa Mwanza mbele ya waandishi wa habari, nalo ni kwamba mtu anayevunja kioo cha gari ili kumtoa mtoto, mbele ya mashahidi na baada ya kuona milango imefungwa, hatakamatwa wala hatadaiwa, na kwamba atakayempiga mtu huyo ndiye atakayeshughulikiwa. Kauli hiyo irudiwe na viongozi wa masoko, wa stendi na wa vivuko, kwenye vipaza sauti ambavyo kila asubuhi hututangazia dawa za meno na sumu ya panya. Wapo pia vijana wanaokusanya ushuru wa maegesho, ambao hupita gari kwa gari kutwa nzima kuliko mtu mwingine yeyote mjini. Wafundishwe kuchungulia ndani kabla ya kuandika namba, na wapewe nyundo ndogo yenye ncha. Wanatuona sana tukikwepa kulipa. Watuone na katika hili.

Kwa upande wetu wenye magari, mkwe wangu amekwisha kuchongesha ufunguo wa pili, na unakaa kwenye mkoba wangu, si kabatini Buhongwa, maana kutoka Buhongwa kupitia Nyegezi na Mkuyuni hadi Kirumba, siku ya Jumamosi, hata bodaboda isingetuwahi. Karatasi ya giza imebanduliwa. Funguo hapewi mtoto tena, hata alie namna gani, na analia kweli.

Nina jambo moja la mwisho, nalo ni la binafsi. Baada ya kumkabidhi mtoto kwa mama yake, dereva yule wa kirikuu alisikia mtu wa nyuma, aliyekuwa ndiyo kwanza anafika, akipaza sauti, "Mwizi huyo, kavunja kioo!" Nilijaribu kumwita lakini hakusubiri. Alivuka barabara, akawasha gari na kuondoka na nusu ya mzigo, akiacha magunia mawili ya mteja wake kando ya barabara na spana yake juu ya kiti chetu cha mbele. Nimemuulizia mara tatu Mwaloni na mara moja Igoma, nikaambiwa kwamba vijana wa kirikuu hawataki kumtaja wakidhani ninadai kioo. Sidai kioo. Kama anasoma gazeti hili, au kama yupo anayemfahamu, aambiwe kwamba spana yake ninayo, nimeifuta na kuifunga kwenye kitambaa, na mhariri anajua pa kunipata.

Mwalimu mstaafu,
Buhongwa, Mwanza